Jumamosi ya Black Coffee pale Hï Ibiza: mziki, hela na usafiri

Kwa anayejiuliza kama inafaa kwenda Hï Ibiza, klabu ya usiku kwenye kisiwa cha Ibiza, Hispania, na hana muda wa kusoma yote, jibu ni hili: nendeni. Kama unapenda kucheza mziki mpaka asubuhi na una hela uliyoiweka pembeni kwa ajili hiyo tu, Hï Ibiza ni sehemu ya kwenda angalau mara moja, na kama siku ni ya kuchagua basi chagua Jumamosi ya dijei Black Coffee. Nimeshaingia disko nyingi, za Dar, za Nairobi, Berlin nimekaa nje kwenye baridi masaa mawili nikarudishwa mlangoni, kwa hiyo nasema hivi nikiwa na cha kulinganisha.

Mimi naishi Ujerumani, ni nesi, nafanya shifti za usiku, na hii safari niliiwekea hela tangu Januari. Tulienda wawili, mimi na shoga angu wa Mombasa ambaye tunafanya naye kazi wodi moja. Tulienda Septemba kwa sababu Julai na Agosti bei za vyumba Ibiza hazishikiki, halafu joto. Msimu wa klabu kule unaanza mwishoni mwa Aprili au Mei na unafungwa Oktoba, baada ya hapo kisiwa kinalala, kwa hiyo msije mkakata tiketi ya ndege ya Desemba mkafika mkakuta milango imefungwa.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, ni kidogo kuliko Pemba, kilomita za mraba 571 tu, na ndani yake kuna klabu ambazo kila moja inaingiza watu kwa maelfu kila usiku. Ukishuka ndege tu uwanja mzima umejaa mabango ya madijei, makubwa kama mabango ya uchaguzi. Hï iko Playa d'en Bossa, ufukwe mrefu karibu kabisa na uwanja wa ndege, kwa gari ni kama dakika kumi. Na pale ilipo hapakuwa patupu. Hapo ndo ilikuwepo Space, klabu iliyofunguliwa mwaka 1989 na mzee Pepe Roselló, ambayo wazee wa mziki wa haus mpaka leo wakiitaja wanabadilika sura. Carl Cox, dijei mkongwe wa Uingereza, alipiga pale misimu kumi na tano. Ilifungwa Oktoba 2016, jengo likafumuliwa ndani, na Mei 2017 ikafunguliwa Hï. Jarida la DJ Mag ambalo kila mwaka linapanga klabu 100 bora duniani limeiweka namba moja mwaka 2022, 2023 na 2024. Sasa mimi namba moja za majarida huwa sizitegemei sana, ila hii nimeiona kwa macho yangu, najua kwa nini waliipa.

Kabla ya ndani niwaambie kwanza kuhusu usafiri kwa sababu tuliumia. Tulipanga chumba upande wa San Antonio, huko ni upande wa pili wa kisiwa, tukaona ni rahisi na tukajipongeza. Usiku wa kwenda foleni ya taksi ilikuwa ndefu, watu kama sitini hivi, akaja jamaa na gari yake binafsi akasema anatupeleka kwa euro 40, tukapanda. Katikati ya njia, giza, akaanza kusema bei ni 70 kwa sababu ni Jumamosi, na akapunguza mwendo kabisa pembeni ya barabara. Wanawake wawili, lugha hatuijui, tukatoa. Wenyeji wanawaita taksi za maharamia na serikali ya kisiwa imekuwa ikiwakamata miaka yote. Usipande. Kuna mabasi ya usiku yanaitwa Discobus, kiangazi yanazunguka kati ya Ibiza mjini, Playa d'en Bossa, San Antonio na kwingine, nauli ni euro chache tu, na ndani yake kila mtu anaenda kule kule unakoenda wewe. Sisi tulirudi nalo asubuhi, tukajiuliza kwa nini hatukulipanda toka mwanzo.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya klabu yenyewe na nunua mapema. Klabu kubwa za Ibiza kiingilio kinacheza kati ya euro 50 na 100 kutegemea siku na dijei, na zile tiketi za mwanzo ndo za bei ya chini, ukisubiri wiki ya mwisho unalipa ya juu. Ufukweni mchana kuna vijana wanatembeza vikaratasi na mikanda ya mkononi wanakwambia ofa, wengine ni wakweli, ila kama simjui simpi hela yangu.

Tulifika saa sita na nusu usiku. Hapo ng'ambo ya barabara kuna Ushuaïa, ile hoteli yenye jukwaa la wazi, disko lake linaanza jioni na linaisha saa tano au saa sita usiku, kwa hiyo ukifika muda ule unakutana na umati unamwagika kutoka kule unavuka barabara kuingia huku. Barabara inageuka kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Mabaunsa wanasachi begi, wanakagua kitambulisho (chini ya miaka 18 huingii), mstari unaenda. Mlangoni hakuna aliyetuuliza mnatoka wapi, hakuna aliyetuangalia juu mpaka chini. Nalisema hili kwa sababu kila mtu mweusi aliyewahi kutoka usiku Ulaya anajua ninachoongelea.

Ndani kuna kumbi mbili kubwa. Moja inaitwa Theatre, ndo ukumbi mkuu, nyingine inaitwa Club, ya pili kwa ukubwa. Halafu kuna bustani ya nje, Secret Garden, ina miti na sehemu za kukaa, mziki wake wa taratibu kidogo, na mimi naipa heshima yake bustani ile kwa sababu ukicheza masaa mawili mwili unadai hewa. Klabu nzima inachukua watu kama elfu tano. Elfu tano jamani. Fikiria kijiji kizima kimehamia ndani ya nyumba moja.

Na vyoo. Vyoo vya Hï vina dijei wake. Panaitwa Wild Corner, wanawake na wanaume mnaingia eneo moja, kila choo kina mlango wake unajifungia kama kawaida, ila pale nje kwenye kunawia mikono kuna dijei anapiga na watu wanacheza. Shoga angu aliingia mara ya kwanza akatoka haraka akaniambia, "Shoga, nimekosea mlango, nimeingia ukumbi mwengine." Nikamwambia hujakosea dada, rudi. Tulikaa mle karibu nusu saa tukicheza na kina dada wa Brazil ambao mmoja alinifunga nywele zangu zilizokuwa zinanibandika shingoni, akatoa kibanio chake kichwani akanipa, hatujuani wala nini. Kibanio ninacho mpaka leo.

Sasa mziki. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kitu cha kwanza ni sauti. Kule Theatre besi inapanda kutoka miguuni inakaa kifuani, lakini masikio hayaumi, na nikitaka kumwambia mwenzangu kitu naongea naye karibu na sikio bila kupasua koo. Sisi tumezoea ukumbi ambao spika zinakoroma na ukitoka unasikia mluzi siku mbili. Pale kila chombo unakisikia kilipo, kayamba iko huku, ngoma iko kule, sauti ya mwimbaji iko katikati. Pamoja na hayo mimi nesi nawaambia nunueni vile vipira vya masikioni, duka lolote la dawa wanauza, masaa sita ya mziki mkubwa ni mengi kwa sikio lolote lile.

Black Coffee alipanda baadaye, usiku umeshaiva. Kwa wasiomjua, ni Msauzi, mzaliwa wa Durban, jina lake Nathi Maphumulo, mwaka 2022 alichukua Grammy ya albamu bora ya mziki wa dansi na elektroniki. Jumamosi za Hï ni zake kwa misimu mingi sasa. Yaani kwenye kisiwa ambacho kila dijei duniani anapigania apewe siku moja ya wiki, Jumamosi kapewa Mwafrika, na anapiga mziki wa Kiafrika. Mwaka 1990, watu wakiwa barabarani wanasherehekea Mandela kutoka jela, gari liliparamia umati na yeye alikuwemo, alikuwa kijana mdogo tu, mkono wake wa kushoto ukaumia usipone tena. Tangu hapo anapiga kwa mkono mmoja.

Nilikuwa najua hii habari kwa kuisoma, ila kuiona ni kitu kingine. Tulijipenyeza mpaka mbele upande wa kulia, tukawa tunamwona vizuri. Mkono wa kushoto uko mfukoni, umetulia. Wa kulia unafanya kazi ya mikono miwili: kidole gumba na cha shahada kwenye kinobu, anakizungusha kidogo sana, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, anaacha, anahamia upande wa pili wa mashine, anagusa, anarudi. Hana papara. Wala haruki wala hapungi mkono kama madijei wengine, uso umetulia anasikiliza. Kazi yangu naishi na wagonjwa waliopoteza nguvu za mkono, nawafundisha kufunga vifungo vya shati upya, kwa hiyo nilikuwa siwezi kuondoa macho pale. Shoga angu akanivuta akaniambia sikioni, "Yuwapiga na mkono mmoja yule, waona?" Nikamwambia naona. Akakaa kimya muda mrefu.

Halafu ikafika kama saa kumi alfajiri akatoa kila kitu. Besi akaiondoa, sauti za kinanda akaziondoa, zikabaki ngoma tu, ngoma za mkono na kitu kama chuma kinagongwa, ukumbi mzima gizani, na mdundo ule ukiwa umekulia pwani unaujua, mwili unaujua kabla kichwa hakijasema kitu. Shoga angu akapiga vigelegele. Vya harusini kabisa, ulimi wote, hakujizuia. Watu wakageuka, nikafikiri tumeudhi, kumbe pale nyuma yetu kuna wasichana wa Kisauzi wakajibu vigelegele vyao, na upande wa pili huko juu mwingine akajibu, sikumwona ni nani. Ndo besi ikarudi. Mimi nililia, nakiri, na sikuwa nimekunywa kitu, mimi sinywi pombe.

Hapo niongezee kwa wenzangu wanaokunywa maji kama mimi: hutajisikia mpweke. Watu wengi tu mle wanacheza na chupa ya maji mkononi. Ila maji yenyewe jiandae, kwenye klabu kubwa za kisiwa hiki chupa ndogo ya maji inapita euro 10, na kokteli inaweza kupita 20, ndo bei za kule zote, hata usihangaike kutafuta klabu ya rahisi. Kunyweni maji ya kutosha na kuleni vizuri kabla ya kwenda. Meza za VIP ni maelfu ya euro, hizo sina la kusema, sijakaa, na kwa nilivyoona waliokuwa wanacheza kweli walikuwa chini na sisi. Na mtu usiyemjua akikupa kidonge au kinywaji kataa, kila msimu watu wanazidiwa na wengine hawarudi nyumbani. Nikiwa kazini nimepokea wa namna hiyo, sitaki kupokea ndugu yangu.

Kuna watu waliniuliza mbona hatukwenda ile kubwa zaidi. Wanamaanisha ile ya San Rafael, katikati ya kisiwa, ambayo zamani iliitwa Ku, baadaye Privilege, kitabu cha rekodi cha Guinness kiliiandika kama disko kubwa kuliko zote duniani, watu elfu kumi. Ilikaa imefungwa miaka kadhaa, mwaka 2025 imefunguliwa upya kwa jina la UNVRS, na waliofungua ni wale wale wa Hï na Ushuaïa. Hiyo tumeiwekea nadhiri, na sababu yetu ni moja: pale Ku, Mei 1987, enzi hizo sehemu kubwa bado ni wazi bila paa, alisimama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, akaimba na Montserrat Caballé, yule mwimbaji wa opera wa Barcelona. Freddie ni mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara. Kwa hiyo mtu akikwambia Ibiza haituhusu mwambie mtoto wa Unguja alishaimba pale kabla madijei wengi wa sasa hawajazaliwa. Paa lilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, klabu zilipolazimishwa kufunika kwa sababu ya kelele, majirani walikuwa hawalali.

Na majirani bado wana kilio, ila sasaivi ni kingine. Nilijaribu kuongea na dada mmoja anayefanya usafi pale tulipolala, mama wa Colombia, nikamuuliza anaishi wapi. Akaniambia yeye na mwanae wanaishi kwenye kigari cha kulala, wamepaki nje ya mji, kwa sababu kodi ya chumba kimoja inamaliza mshahara wote. Si yeye peke yake, ni habari inayojulikana, walimu, manesi, mapolisi wanakataa kuhamishiwa kisiwani kwa sababu nyumba zote ni za watalii. Iliniuma sana kwa sababu nimeyaona yale yale yanaanza Nungwi na Paje, mtu wa kijiji anahama ili nyumba yake ilale mgeni wa wiki moja. Tulichoweza kufanya tulifanya: tulimwachia bahshishi ya mkononi, tukala kwa mama ntilie wa pale mtaani badala ya migahawa ya ufukweni, na tukanyamaza tulipokuwa tunarudi chumbani asubuhi. Na nyie mkienda mnyamaze, watu wanaamka kwenda kazini.

Mchana wa siku ya pili tulipanda Dalt Vila, mji wa kale wenye ngome juu ya bandari ya Ibiza. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wetu. Vichochoro, kuta nene, paka, nguo zimeanikwa juu, shoga angu akasema hapa nikifumba macho nasubiri adhana. Nendeni jioni jua likipoa, ni bure.

Klabu zinafungwa saa kumi na mbili asubuhi. Taa ziliwashwa, watu wakapiga makofi, hakuna aliyesukumwa nje. Tukavuka mpaka ufukweni, ni hatua chache tu, tukavua viatu, maji yalikuwa ya vuguvugu na hayana wimbi kabisa, sio kama bahari yetu inayotoka na kurudi, ile inakaa hapo hapo tu. Ndege ya kwanza ya asubuhi ikapita chini juu ya vichwa vyetu inaenda kutua, unaiona mpaka magurudumu. Kibanda kimoja kilikuwa kimeshafunguliwa, tukala mkate wa moto uliopakwa nyanya mbichi na mafuta ya zeituni na chumvi, na kahawa, euro tano na senti, chakula kitamu kuliko vyote safari nzima.

Hesabu yangu kwa usiku mmoja: tiketi euro 75, maji matatu, ile taksi ya wizi nusu yangu 35, basi la kurudi na kifungua kinywa, jumla ilinitoka kama 155. Ni hela nyingi, najua, wengine humu ni kodi ya miezi miwili, na simwambii mtu akope. Ila sijutii hata senti ukiacha ile ya taksi. Mwakani nimeshaomba likizo wiki ya pili ya Septemba, tunataka kulala Playa d'en Bossa kule kule ili turudi kwa miguu, na safari hii shoga angu anamleta na dada yake mkubwa. Mwenye swali la visa ya Schengen au sehemu za kulala za bei nafuu aniulize, nitamjibu nikitoka shifti.